Gikonyo Anayejua Kila Kitu

Majengo, Nyeri
Jumatatu

Kwa dada yangu Ngendo,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji na watoto. Mguu wako unaendeleaje na baridi hii? Huku mvua imekataa kuisha, lakini wasichana wangu ni wazima na wanakula kama mchwa. Naandika kwa sababu kuta za hapa Majengo ni nyembamba, na nikikupigia simu jirani atasikia kabla yako. Barua atakuletea Tabby akija Kerugoya kununua mchele.

Uliniuliza Kinuthia anafanya nini siku hizi. Anatengeneza mtu. Usicheke. Mume wangu, karani wa duka la mabati, mwenye watoto watatu na upara, akitoka kazini hata chai haijapoa ameshafungua laptopu na kuingia kwenye mchezo wa mtandaoni wa wafalme na majoka. Humo kila mchezaji hujiundia mhusika wake, anamchagulia sura na ujuzi. Wenye akili huchagua ujuzi mmoja au miwili, upanga, labda uchawi, ndipo mtu wao awe na nguvu. Wa kwangu aligawa kama mandazi ya matanga, kidogo hapa, kidogo pale. Mtu wake anafua chuma, anaunga mifupa, anafuga nyuki, anapogoa miti, anaimba, na ati upinde pia anaujua. Na aliyemuumba ameshindwa kuukaza mfereji wa jikoni tangu Pasaka. Nimeweka sufuria chini, tumezoea mlio.

Basi mjuzi huyo alitoka kijijini kwao, akafika kwenye daraja la kwanza la mtoni, akauawa na nguruwe mwitu. Nguruwe, Ngendo. Wachezaji wenzake walimcheka, nami nikawaunga mkono. Kinuthia akamuunda upya vilevile, akauawa tena palepale. Nilimwambia hata mimi niliyesomea ususi naona mtu wa namna hiyo hafai, mshika mbili moja humponyoka, ampe upanga basi. Akajibu kwamba hawezi, mtu huyo ndivyo alivyo. Nikamwambia yeye ni mjinga, nikaenda kuosha vyombo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuombe kile chumba chako cha uani. Unajua baada ya kumzaa Wacera nilitolewa kizazi, na mtoto wa kiume wa kupewa jina la baba mkwe hatatoka kwangu. Muriithi, baba mdogo wa Kinuthia, amezunguka nyumba za watu akisema mzee Gikonyo asife bila kuitwa, yaani bila mjukuu wa jina lake, Kinuthia atafute mwanamke mwingine. Huyo Muriithi hajawahi kulea hata kuku. Kinuthia alikuwa ananyamaza tu, nami nikauona ule ukimya kuwa ni kukubali. Nguo zangu nilikuwa nimeshazipanga kwenye sanduku.

Jana baada ya kanisa mzee alikuja kututembelea, Muriithi nyuma yake kama inzi. Muriithi alikula kuku wangu, akapangusa mdomo, akaanza maneno yaleyale mbele yangu. Kinuthia akainuka. Nilidhani anakimbia kama kawaida yake. Akarudi na laptopu, akamwekea baba yake magotini, akasema yeye hatafuti mke, na kwamba baba ameshaitwa.

Juu ya kichwa cha yule mtu wa mchezoni palikuwa pameandikwa Gikonyo.

Mzee hakuelewa haraka. Alimtazama akifua jembe. Yule mtu alipofukiza mzinga, mzee alisema atadungwa, nyuki huendewa kwa nyuma. Kisha akamwona anaunga mguu wa mbuzi, akakiinamia kioo. Ngendo, mzee huyu ndiye aliyefua majembe ya kijiji kizima na kuwaunga watu mifupa, na ukimkuta shambani anaimba. Nami nimekaa siku zote hizo nikimcheka bila kumtambua. Nililia mbele ya wageni na sikuona haya.

Mzee aliuliza kama mtu yule hula. Kinuthia akasema hula. Ndipo akatema mate kidogo kiganjani, kama wazee wanavyombariki mtoto, akayapaka kwenye kioo, usoni pa Gikonyo mdogo. Akamwambia Muriithi kwamba jina lake limepata mtu, na habari ya mwanamke mwingine isiletwe tena nyumba hii. Muriithi aliondoka bila kumaliza chai.

Basi kile chumba mpangishe mtu mwingine, nguo nimezitoa. Usidhani Kinuthia amekuwa mwerevu. Mfereji bado unavuja, na jioni hii nguruwe yuleyule amemuua Gikonyo tena. Kinuthia alitaka kupangusa kioo ili aone vizuri. Nimemwambia akithubutu kuyagusa mate yale atanijua mimi ni nani, na kwamba kesho aache daraja, ampitishe mzee majini.

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto. Mungu akulinde, na ule mguu uufunge vizuri.

Mimi mdogo wako,
Njoki, Mama Nyawira