Kiti cha Mama Kwenye Barabara ya Vumbi

Jumatatu, 7 Aprili
Vyoo kumi na vinne kabla ya saa mbili asubuhi. Mainjinia wa ofisi ninazosafisha Kista wana digrii zao lakini brashi ya choo hawaijui. Kinyaa. Nje theluji imeyeyuka na mavi ya mbwa ya msimu mzima yamejitokeza kwa mpigo. Nimeyakanyaga hapa Hagsätra, mlangoni kwetu kabisa.

Jioni mume wangu, Baba Aline, alitandaza ramani ya Australia juu ya meza ya chakula. Tunaondoka Julai. Kutoka Adelaide, anakokaa mdogo wake Audace, tunapanda kaskazini mpaka katikati ya nchi. Zaidi ya kilomita mia sita ni vumbi jekundu, hakuna lami. Matairi mawili ya akiba. Madumu ya maji. Simu ya setilaiti. Jua likianza kuzama gari lisimame, maana kangaruu huvuka ovyo. Kutwa nzima yuko ghalani Jordbro anapanga mizigo, akirudi anapanga jangwa. Sijamwona na furaha hii tangu tufike Sweden.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, blanketi miguuni. Miaka sabini na tisa. Audace hajamwona ana kwa ana tangu kambi ya wakimbizi Kigoma, ndege zilipowagawa huku na kule. Aliuliza yeye atakaa kiti cha mbele au cha nyuma.

"Tunasubiri viza yako, Mama," mume wangu alisema, bila kuinua macho.

Jumatano, 9 Aprili
Viza ya Mama imekataliwa. Baba Aline katuambia tukila. Eti umri. Mama atabaki hapa na Goreth, mwenzetu wa kanisani.

Mama hakulia. Alisema tu kwamba serikali za kizungu zinaogopa wazee. Kisha akaenda chumbani kutoa nguo kwenye sanduku, moja moja, akizikunja upya. Vitenge viwili. Sweta alilomfumia Audace. Alikuwa amepakia tangu Februari.

Aline wetu, miaka kumi na sita, alimvaa baba yake kwa Kiswidi: si haki, tukate rufaa, bibi ana pasi ya Sweden kama sisi. Akaambiwa ale.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nilipumua. Wiki tatu bila kuogesha mtu, bila kubadilisha nepi. Hapo hapo nikajichukia. Wali ulinishinda.

Jumamosi, 12 Aprili
Nilifungua kompyuta kutafuta vituo vya petroli kwenye ile barabara. Nikakuta fomu ya viza ya Mama. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Basi. Chini imeandikwa haijatumwa.

Hakuna aliyemkatalia. Hakuna aliyeombwa.

Nilimsubiri mume wangu jikoni. Hata hakushtuka. Alisema Audace anajua, walikubaliana wao wawili. Barabara mbovu, hospitali mbali, vyoo hakuna. Hayo ningeweza kuyameza. Angemwambia mama yake hivyo hivyo, mtu mzima kwa mtu mzima. Lakini akaongeza:

"Wewe unaijua hali yake. Sitaki gari linuke mkojo wiki tatu."

Nimeshika matapishi ya watu nisiowajua. Nimezibua masinki yenye nywele na kamasi. Sijawahi kuchefuka vile. Mgongo wa Mama ninaousugua kila asubuhi ndio uliomvusha yeye mto Malagarasi akiwa mtoto, risasi nyuma yao. Na yeye je, hakumkojolea mgongoni?

Nilimwambia hilo. Akasema ninapiga kelele. Sikuwa nimepaza sauti.

Jumapili, 13 Aprili
Jumapili ya Matawi. Nilimwambia Mama nikiwa namuogesha. Sikupamba. Fomu haikutumwa, Mama. Walikudanganya.

Nikamaliza kumpaka mafuta.

"Na Audace alijua?"

"Alijua."

"Nipe kile kitenge cha kijani."

Ibada ya Kiswahili ilijaa. Warundi, Wakongo, Wakenya wachache. Kabla haijaanza, mume wangu alikuwa anawazungushia wanaume picha za jangwa kwenye simu, wanamsifu. Ulipofika wakati wa ushuhuda Mama akasimama, kashika kiti cha mbele yake. Akapewa kipaza sauti.

"Niliwaomba mniombee viza," alisema. "Acheni. Viza haikuombwa. Niombeeni wanangu. Wameona haya kunibeba."

Akaketi. Mtoto mmoja alidondosha tawi lake, tukalisikia likianguka. Baba Aline akatoka nje. Sikumfuata.

Nilidhani nitamwonea huruma. Sikumwonea. Na bado mimi mwenyewe najinukia: nilijua tangu jana, nikangoja mpaka nilipokuwa na sabuni mkononi, nisimtazame usoni.

Mchana Aline alijaza fomu ya bibi yake. Dakika ishirini. Dakika ishirini tu!

Jumanne, 15 Aprili
Audace alipiga simu ya video. Habari za kanisani zilifika Adelaide Jumapili ile ile, kabla sisi hatujala chakula cha mchana, sijui kwa mdomo wa nani. Alilia sana, makamasi na kila kitu, anasema ni kaka aliyepanga. Mwanaume mzima anamsukumia mwenzake. Nilitaka kuizima.

Mama alisogea karibu na simu. "Umenenepa," akamwambia. Kisha: "Una kitanda cha mimi kulala?"

"Kipo, Mama."

"Basi nyamaza."

Baba Aline haongei na mtu. Anakula. Namsikia akitafuna. Nimehamishia sahani yangu kwenye kaunta.

Alhamisi, 24 Aprili
Viza ya Mama imetoka.

Baba Aline alipoona barua alisimama nayo mlangoni kwa muda, koti hajavua. Akaenda chumbani kwa mama yake, akapiga magoti. Alichosema sikukisikia, wala sikutaka. Alipotoka alibeba mashuka ya Mama yenye mkojo, kifuani, akateremka nayo chumba cha kufulia. Hakuna aliyemtuma. Sijamsamehe. Midomo yake bado siwezi kuitazama. Lakini mashuka amefua.

Ile barabara ya vumbi tumeiacha. Yeye na Audace wakitaka, waende mwaka mwingine. Nimeipanga safari mimi, kwa barabara ya lami inayopanda kaskazini: mwendo wa saa mbili, kisha mapumziko, kila usiku kitanda na bafu. Mama mbele. Mimi nyuma yake. Nimeandika kila mahali penye choo.

Mama alivuta kiti akaja kuangalia. Kidole chake kilifuata mstari taratibu, kikafika mahali ambapo ramani ni nyeupe tu.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu, Mama. Ardhi tu na mbingu."

"Tusimame hapo kidogo," alisema.

Nikaweka alama.