Shuka la Wawili

3 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo.

Mama Cherehani, wewe unayemsomea Bibi, tafadhali funga mlango kwanza.

Bibi, unakumbuka walinitoa utumbo mpana uliokuwa mgonjwa, wakanitengenezea kifuko humo ndani kwa utumbo uliobaki, ili niende chooni kama watu wengine. Mchana kinanitii. Nakaa kibandani nashona viatu, nikibanwa naenda, narudi. Shida ni usiku. Nikizama usingizini kinavuja. Naamka shuka limechafuka, wala sikuhisi kitu. Siku hizi nalala sakafuni juu ya nailoni.

Mchumba wangu, yule msusi, anauliza kwa nini naahirisha harusi kila mara. Sasa nitamwambia simtaki tena. Naomba uwaambie wazee nimebadili mawazo. Wewe watakusikiliza.

Mjukuu wako

16 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Goti halijapoa wala halitapoa, tuliache. Umekula? Unalala? Najua hulali.

Mlango tulifunga. Mama Cherehani kasoma mpaka mwisho na hajazimia. Hapa anataka kuandika "haja." Nimemwambia andika mavi, mimi na huyu tunajuana. Ulininyea mgongoni, ukaninyea mapajani, na siku moja ukanichafulia nguo mpya niko msibani mbele ya wakwe. Nilikutupa?

Wazee siwaambii kitu. Uongo wako ubebe mwenyewe.

Haya, daktari ulimwambia? Maana nakujua. Kakuuliza, "Hujambo?" ukasema, "Sijambo." Kauliza, "Na usiku?" ukasema, "Salama tu, daktari," ukachukua kofia yako ukaondoka. Hata mimi umeniandikia sijambo, na huku unalala sakafuni! Rudi kule. Akikusalimia, usiitikie. Anza na shuka.

Na yule binti unataka kumwambia humtaki, wakati ukimwona unapigilia misumari kidoleni. Unadhani uongo utamuuma kidogo kuliko mavi?

Mama Cherehani amekushonea matandiko mawili. Juu taulo, katikati koti kuukuu la mvua, chini pamba. Dogo ni lako. Kubwa ni la kitanda cha wawili. Ukikosa maneno, litandike mbele yake, aulize.

Mimi, mkeo wa kwanza

20 Aprili

Mume wangu,

Hujambo? Hilo usijibu.

Umenyamaza mno. Cherehani ya jirani ikisimama tu, nadhani anakuja na barua yako. Mama wa yule binti alipita hapa, akakaa, akanitazama usoni, akaondoka. Nami nikauma ulimi, maana siri si yangu.

Kama umemwacha, njoo nyumbani. Kitanda changu kipana, na pua yangu imeshaona mengi.

Bibi yako

9 Agosti

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo, na goti limekusamehe kwa yale uliyolifanyia ukicheza harusini kwetu. Mwandiko huu si wa mjukuu wako, ni wangu mimi msusi. Siku ile uliniuliza sikioni, "Alikwambia vipi?" Kelele zilikuwa nyingi, nikacheka tu. Sasa nakujibu.

Alianza kwa daktari. Anasema alisalimiwa, naye akajibu, "Nanyea kitandani." Daktari akaweka kalamu chini, akavuta kiti karibu. Kumbe kifuko kilikuwa kimevimba ndani, akapewa dawa. Chakula cha jioni sasa anakula mapema, na kuna kidonge cha kutuliza tumbo kabla ya kulala. Kuvuja kumepungua. Daktari hakuahidi kwamba kutaisha.

Kisha akaniita chumbani kwake. Akalitandika lile kubwa, akasimama. "Hili nini?" nikamuuliza. "Bibi kanitumia," akasema, basi. Nikalikalia. Nikamwambia, "Siinuki hapa mpaka useme." Akasema yote akitazama viatu vyangu, kama mtu anayekagua soli. Nilikasirika, Bibi! Muda wote ule nilidhani kapata mwingine. Nikampiga kwa mto. Halafu nikamwambia asogee, nikae vizuri.

Juzi kilivuja. Zamani angejikunja na kujificha. Safari hii aliniamsha mwenyewe. Nikashika ncha zangu, yeye zake, tukatandua, akaenda kuoga, tukalala tena. Asubuhi nilichelewa saluni. Mteja akanikuta napiga miayo, nikamwambia, "Mume wangu kanikatisha usingizi." Saluni nzima ikapiga vigelegele. Nikawaacha.

Mwambie Mama Cherehani lile koti la mvua linapiga kelele tukigeuka. Atushonee jingine la kubadilishia, safari hii lisilo na vifungo. Kimoja kiko upande wangu.

Mke mwenzio, mdogo