Ombi Lisilo na Jina

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza kelele zake, na yule kuku wako mkorofi ameacha kutagia kwenye kikapu cha nguo safi. Kaka msalimie, na watoto wake wote uwavute masikio kwa niaba yangu. Mimi huku ni mzima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" kwa makusudi, na nakuomba leo usirukie ukurasa wa mwisho kama kawaida yako ya kutaka kujua kwanza nani kafa. Hajafa mtu. Kaa chini, vaa miwani, soma polepole.

Nakuandikia nikiwa kazini, hapa kiwanda cha uchapaji, juu ya meza ya kukunjia karatasi. Ni Jumamosi, saa sita imepita, wenzangu wameshaondoka na mashine ya kukata imezimwa. Fundi mkuu kaniachia ufunguo, nikamdanganya kwamba nina vitabu vya kumalizia kubandika. Saa kumi nina kikao kanisani, na mikono inanitoka jasho mpaka nimetandika kitambaa chini ya kiganja nisiichafue barua yako. Kikao hicho kitaamua kama mlezi wa watoto wa pale kanisani abaki kazini au aondolewe. Nataka wewe ujue kila kitu kabla sijaingia mle, maana nikishaingia sijui kama ulimi utanitii.

Mlezi huyo sidhani kama nimewahi kukutajia. Watoto wanamwita Shangazi Taratibu, na jina limemkaa haswa. Hakimbii, hafoki. Mtoto akirusha kikombe, yeye anakiokota, anakaa naye sakafuni, anamsubiri amalize hasira zake ndipo waongee. Kile chumba amekishika miaka kumi na mmoja: vigodoro kumi na vinne, ndoano za mikoba ukutani, kila moja na picha ya mnyama wake, na harufu ya sabuni na maziwa inayokufuata hadi nyumbani. Hana mume, hana mtoto, na kazi nyingine haijui. Ukimtoa pale umemmaliza.

Unakumbuka nilivyokuwa mwaka jana. Usingizi umenikimbia, chakula nakitafuna kama natafuna pamba, kazini najifungia msalani nalia huku nimefungulia bomba watu wasisikie. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama nafukuzwa na mbwa, na mbwa mwenyewe hayupo. Daktari akasema ni sonona iliyochanganyika na wasiwasi, akaniandikia vidonge. Wewe kwa simu ukaniambia nisimsahau Mungu, niwe natembea asubuhi, nishike jembe, ninywe mchaichai badala ya yale makahawa yangu. Nilifanya yote, mama, na yalinisaidia, hapo sitii chumvi. Kutembea kulinisaidia. Kung'oa magugu nyuma ya nyumba mpaka kucha zinajaa udongo kulinisaidia. Na kuomba nikiwa nimepiga magoti, navuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne na kuitoa kwa kuhesabu hadi sita, kulinituliza kuliko nilivyotegemea. Daktari mwenyewe alifurahi, akaniambia niendelee navyo vyote, ila vidonge nisiviache bila kumwona.

Nikaviacha bila kumwona. Kichwa changu unakijua, ulikizaa wewe. Nilijiona nimepona, basi Jumapili hiyo hiyo nikasimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia kwamba maombi, bustani na majani vimeniponya, na vidonge nimevimwaga chooni. Weee! Watu walipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Mchungaji alinikumbatia, na wewe ulilia kwenye simu kwa furaha mpaka salio likakatika. Haikupita wiki nikapewa kazi ya kusoma maombi.

Kazi yenyewe iko hivi. Mlangoni kuna sanduku la mbao. Mwenye ombi analiandika kwenye kipande cha karatasi. Akitaka anaweka jina, asipotaka haweki, na Jumapili msomaji anayasoma yote kwa sauti. Vipande navitoa mimi hapa kiwandani, ni mabaki meupe yanayodondoka chini ya kisu cha mashine, ambayo yangeishia jalalani. Ibada ikiisha vinachukuliwa na mzee wa kanisa tunayemwita Miwani, kwa kuwa anavaa moja usoni na nyingine kichwani, na bado anauliza nani kaona miwani yake. Anakaa navyo wiki nzima akiviombea kimoja kimoja. Ni mtu mwema, mama, naomba usije ukamchukia.

Jumapili tatu zilizopita kulikuwa na ombi lisilo na jina, limeandikwa kwa herufi kubwa. Lilisema: Niombeeni. Nimechoka kuogopa. Nikiongezewa jambo moja tu, sidhani kama nitaweza. Nililisoma. Wanawake wa mbele wakaanza kugeuka nyuma, kila mmoja akimtafuta mwenzake usoni.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Mzee Miwani, akiwa nyumbani kwake analiombea, akaigeuza ile karatasi. Nyuma yake kulikuwa na mistari myekundu na nusu ya maneno: jina la mtoto, saa ya kufika, aliyekuja kumchukua. Ilikuwa karatasi ya rejista ya chumba cha watoto. Na mle chumbani mwenye kushika rejista ni mmoja tu.

Ndipo huruma ilipoanza, na huruma ya watu wengi ni balaa. Jumatatu walikwenda kwa Taratibu wanawake wanne na sufuria la uji. Jumanne wakaenda sita. Jumatano mzazi mmoja akauliza, kwa sauti ya chini lakini iliyosikika kwa wote, kama ni salama kumwachia mtoto mtu aliyeandika maneno yale. Ilipofika Ijumaa vigodoro vitano vilikuwa vitupu. Mchungaji akamwita Taratibu ofisini, akamuuliza kwa upole kama ombi lile ni lake. Nasikia hakukubali wala hakukataa. Aliangalia mikono yake tu, na wazee wakaona wameshapata jibu.

Jumapili iliyofuata sandukuni mlikuwa na maombi tisa, na saba yalikuwa ya kumwombea dada yetu mlezi wa watoto. Niliyasoma yote saba, mama. Yeye alikuwa amekaa mstari wa tatu, kitambaa cha kichwa kimenyooka kama siku zote, ananitazama. Mara ya tano sauti ilinikauka, watu wakadhani ni huruma.

Kisha wazee wakaja na wazo lao. Mzee Miwani alipita hapa kiwandani mwenyewe, akaniambia kwamba kabla ya kikao wameona nitumwe mimi nikamtie moyo, kwa sababu nimepita njia hiyo hiyo na Mungu akaniponya bila vidonge. Nikamsimulie ushuhuda wangu. Alisema hayo akiwa ameegemea pipa la karatasi zilizoharibika, na mimi macho yangu yakang'ang'ania lile pipa, sikumsikia vizuri. Nilisema sawa, nitakwenda.

Nilikwenda jana baada ya kazi. Nilimkuta Taratibu anafua mashuka ya vigodoro, ingawa watoto waliobaki ni sita tu. Alinipa kigoda, akaendelea kufua. Nikaanza kumsimulia: nilivyotembea, nilivyolima, nilivyoomba, nilivyopona. Mama, nilijisikia kama muuza sumu sokoni. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akakamua shuka, akaniambia jambo lililonifanya tangu jana nisiweze kumeza hata chai.

Aliniambia kwamba ombi lile si lake. Hakuliandika, na hajui limeandikwa na nani. Nikamuuliza kwa nini basi asiwaambie wazee. Akasema akikataa tu, Mzee Miwani atazunguka na ile karatasi nyumba hadi nyumba kumsaka aliyeiandika, tena kwa nia njema, na huyo ameshasema wazi kwamba akiongezewa jambo moja hataweza. Yeye, akasema, anaweza kuongezewa. Aliyasema hayo bila kujitutumua, kama mtu anayekueleza kwa nini ameanika nguo upande wa jua. Kisha akaniuliza kama nitamshikia ncha ya pili ya shuka.

Nilimshikia. Tukalikunjua, tukalianika. Nikamuaga, nikaondoka.

Mama, ombi lile ni langu.

Sasa nimeandika na mkono haujakatika. Nilidhani utakatika. Hofu ilinirudia miezi mitano iliyopita. Haikubisha hodi, ilinikuta hapa hapa mbele ya kisu, nikasahau nakata nini, fundi mkuu akanivuta bega. Ningemwambia nani? Watu walikuwa wananisimamisha njiani wanishike mkono wapate baraka. Wewe kila ukipiga simu unamshukuru Mungu kwa uponyaji wangu kabla hata hujauliza habari. Nikajikaza kisabuni. Nikaongeza maombi, nikaongeza kutembea, nikalima mpaka bustani ikabaki haina cha kulimwa. Halafu Ijumaa moja nikaokota karatasi kwenye pipa la zilizoharibika, nikakata kipande, nikaandika kwa herufi kubwa mwandiko usije ukaniumbua. Sikuigeuza nyuma. Mimi ninayekagua kila karatasi pande mbili, ndiyo kazi yangu, hiyo moja sikuigeuza. Rejista ya watoto tuliichapa sisi, na nakala zilizokosewa zilibaki hapa. Taratibu hata hazijui.

Nilichotaka ni kitu kidogo tu: kusikia watu mia mbili wakiniombea bila kujua ni mimi. Na waliniombea, mama. Kwa dakika kama mbili hivi, wote wameinamisha vichwa, nilipumua. Sijapumua vile tena tangu siku hiyo, maana nilichofanya baadaye ni kukaa kimya majuma matatu nikimwangalia mwenzangu akiliwa nyama kwa ajili yangu. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyowaogopa wazee. Niliogopa usije ukakaa mezani pako ukaambiwa kwamba mwanao aliyeponywa hajaponywa.

Usije ukasema maombi yameshindwa. Maombi yamenishika mpaka leo, bila hayo sijui. Aliyesema uongo ni mimi, niliyapachikia jambo ambalo hayakuwahi kulisema. Daktari aliniambia shika vyote, nami nikatupa kimoja ili hadithi yangu ipendeze kanisani. Jumatatu nitarudi kwake, na atanigombeza, na ana haki.

Sasa sikiliza nitakavyofanya, kwa sababu najijua. Nikisema nitasimama kikaoni, nitafika mlangoni, nitasikia moyo unaanza mbio zake, nitageuza. Kwa hiyo barua hii sitaifunga. Saa nane natoka hapa naipeleka kwa Taratibu ikiwa wazi, aisome yote kabla yako, kisha yeye ndiye aamue. Akiichana, ni haki yake, na wewe hutajua kamwe kwamba niliandika. Akikubali, ndiye atakayeifunga na kuitia posta. Kwa hiyo ikiwa sasa hivi unayasoma maneno haya, ujue yeye ameshayasoma, na mimi sina tena pa kujificha.

Usinipigie simu ukilia. Nipigie ukishamaliza kulia, hata kama ni kesho kutwa, nami nitapokea. Msalimie kaka, umwambie naumwa tu, si mkosi kama anavyodhani. Niombee, mama, safari hii kwa jina langu.

Ni mimi,
Kitinda mimba wako

*

Mama, shikamoo. Huu si mwandiko wa mwanao, ni wangu mimi mlezi wa watoto. Barua nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama, yeye akinisubiri nje ya mlango. Nimemkasirikia sana, na nimemwambia, maana majuma matatu si siku moja. Kisha tukaenda kikaoni pamoja. Sauti ilimkatika mara tatu lakini alisema yote mbele yao, mpaka habari ya vidonge. Mzee mmoja alilia. Kazi yangu ninayo, ingawa wazazi wengine sijui kama watarudi.

Sasa hivi yuko kwangu, kapitiwa na usingizi kwenye kigodoro cha mtoto, miguu yote imetokeza nje, nami sijamwamsha. Jumatatu nitampeleka hospitali mwenyewe, asije akageuzia njiani. Njia naijua vizuri. Dawa zake atazichukulia dirisha lile lile ninalochukulia zangu, huu mwaka wa tisa. Kanisani hakuna anayelijua hilo. Nimemwambia mwanao leo, na sasa nakwambia wewe.