Timu ya Mkiani Niliyoiweka ya Tano

Kitale, Jumapili ya mwisho ya Novemba, 2006

Mvua imenyesha kutwa nzima na viatu vyangu bado vina tope la uwanja wa Bungoma. Nimechoka, lakini nina furaha ambayo nisipoiandika leo itaniponyoka.

Ligi yetu imeisha, na mimi nilikuwa sahihi.

Sijazoea kuandika hivyo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na pia katibu wa ligi yetu ndogo ya timu kumi na mbili, za Kitale na Bungoma. Kazi yangu ni kuandika matokeo na kupanga msimamo. Tangu nikiwa msichana, baba akiwa refa, nimekuwa nikiweka misimamo ya kila wiki kwenye madaftari. Watu huniona kama mtu anayeokota vifuniko vya soda.

Mwaka huu, baada ya mechi sita, timu moja ya Bungoma ilikuwa ya mwisho kabisa. Kocha wao, Wekesa, ni fundi wa baiskeli; hufunga kibanda saa kumi akafundishe mpira. Kamati ya timu iliitisha mkutano wa kumfuta, nikaambiwa nilete msimamo.

Nilileta msimamo. Nilileta na madaftari.

Mwenyekiti wao, Mzee Simiyu, aliutazama akasema, "Si unaona mwenyewe, mwalimu. Mkia ni mkia. Huyu aende."

Wekesa alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono ina grisi. Sijui nilitoa wapi ujasiri. Niliwaambia kwamba mapema hivyo, kabla ya kusoma msimamo, ni lazima uulize umecheza na nani. Timu yao ilikuwa imeshakutana na timu zote tano za juu, nyingi ugenini, na kila mara ilifungwa kwa tofauti ya bao moja tu. Nikafungua madaftari, nikawaonyesha timu za miaka ya nyuma zilizoanza vile. Nyingi zilipanda. Zilizobaki chini ni zile zilizofungwa na wanyonge wenzao.

"Sasa sisi tutamaliza namba ngapi?" Mzee Simiyu akauliza.

"Ya tano."

Walicheka. Mmoja akasema, "Ati sasa madam anapiga ramli, bana."

Mzee hakucheka. "Basi tumuachie huu msimu," alisema. "Lakini ikiharibika, mwalimu, hiyo ni juu yako."

Wiki iliyofuata walifungwa na timu dhaifu. Nakiri kwamba nilipoenda Bungoma kwa shughuli zangu nilizunguka njia ya nyuma ili nisipite mbele ya kibanda cha Wekesa. Nilihisi nimemdanganya mtu aliyeniamini bila kuniomba chochote.

Kisha wakaanza kushinda. Bao moja hapa, mawili pale, bila kelele.

Leo wameshinda mechi ya mwisho na kumaliza nafasi ya nne. Mzee Simiyu alinijia mbele ya kamati nzima, mvua ikimpiga. "Mwalimu, ulikosea. Hatukumaliza ya tano." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na hakuuachilia upesi.

Wekesa alikuja baadaye. "Madam, ile siku nilikuwa nimekuja tu kusikia vile watanifuta."

Nikamwambia ushindi ni wake, mimi nilikuwa na madaftari tu.

"Mechi nilishinda," akasema. "Lakini ni wewe uliniombea hizo mechi."

Nilitazama kando, kama mtu anayetafuta gari lake, na sina gari.

Najivunia. Wacha niandike tena: najivunia.

Ila shajara haipendi nusu ya ukweli. Siku ile ya mkutano nilikadiria timu zote kumi na mbili, na niliyoikosea vibaya kuliko zote ni yetu ya Kitale. Ilianza kwa kishindo, nikaiweka ya kwanza, ilhali ilikuwa imecheza na vibonde watupu. Madaftari yalinionya. Sikuyasikiza, kwa sababu ni watu wa nyumbani. Wamemaliza ya saba.

Mwaka ujao, wakianza tena kwa kishindo na mtaa mzima ukiimba, je, mkono wangu utakubali kuwaandika mahali wanapostahili?