Baruti Uliyoichanganya

Cedar Hill, Jumapili

Kaka Humphrey,

Huku joto limepungua kidogo, na binti yetu Natalia ameanza kuota meno. Nyie Houston nasikia mvua haziwapi nafasi.

Shemeji yako Leonce ametoka hospitali. Jicho lake la kulia halitaona tena. Ulipokuja kututembelea ulimkuta akijaza risasi zake za mashindano, zile nzito za shabaha ya mbali, akipima baruti kama mfamasia. Alipotoka kidogo, ukamimina baruti ya bastola, ile iwakayo kasi mno, ndani ya kopo la baruti ya bunduki, eti unapanga meza. Siku ya kulenga shabaha, bunduki ikampasukia usoni.

Ulipompigia simu nilikusikia: "Shemeji, nilidhani baruti zote ni moja." Akakujibu, "Basi, yaishe." Sasa kwenye klabu yao ya shabaha anasema alikosea mwenyewe, na wenzake wanamwona mzembe. Nawe umenyamaza, unamwacha abebe aibu yako.

Yeye amekusamehe. Mimi sijakusamehe. Jumamosi wanaklabu wanakutana Mansfield. Njoo uyaseme kwa kinywa chako. Usipokuja, nitasimama mimi, na jina la kaka yangu nitalitaja.

Mdogo wako, mwenye hasira,
Ndeshi