Waya Chini ya Kitanda cha Bibi

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, wewe, mkaza mjomba na mapacha. Je, kile kikohozi chako kimepona? Sisi afya tunayo. Mama alirudi kazini Jumatano, ila chakula anakigusa tu.

Habari za msiba ulipewa na Mama kwa simu. Lakini liko jambo ambalo hakukwambia kwa sababu halijui lote, na mimi kwa kusema unanijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka wiki mbili za mwisho sura yako ilivyokuwa ikiganda kwenye kompyuta, na sauti ikija vipande vipande? Bibi alikuwa hataki kuongea kwa simu. "Kioo kama ukucha, nitamwona wapi mwanangu?" Kwa hiyo nilimhamishia kitanda sebuleni, mbele ya kompyuta, akuone akiwa amelala. Tangu siku hiyo mtandao ukawa unajikokota. Tunalipia kasi ya megabiti mia. Kwenye simu, bila waya, nilipima nikapata tisini. Kwenye kompyuta, nne.

Nikaona mgonjwa ni kompyuta. Nikafuta programu, nikaizima na kuiwasha, nikahamishia waya kwenye tundu jingine la kile kisanduku cha mtandao. Waya wenyewe sikuukagua, maana ulikuwa mpya.

Mama akaniambia niipigie kampuni. Mjomba, niliandika maneno ya kusema kwenye karatasi, nikapiga, na walipopokea nikakata. Siku tisa nilifanya hivyo, huku nikimwambia Mama kwamba wanashughulikia. Siku ya kumi nikasema. Aliyepokea alinijibu kwa upole, "Usijali mwanangu, Alhamisi fundi anakuja." Simu yote haikufika hata dakika mbili.

Bibi alifariki Jumanne.

Hakuna aliyekumbuka kumzuia fundi. Alikuta nyumba imejaa watu, akataka kurudi. Mama akamwambia afanye tu kazi yake. Akaupitisha waya vidoleni kuanzia kwenye kisanduku, akafika uliposimama mguu wa kitanda, akainama. "Dada, nani kaweka kitanda juu ya intaneti?" Ni mimi. Ndani mna nyuzi nane nyembamba, na mguu ulizibana hadi baadhi zikakatika. Akaweka waya mwingine, kompyuta ikasoma tisini na nne. Nikaenda jikoni, nikasimama nimeelekea ukutani.

Zile siku tisa Mama bado hazijui. Nitamwambia leo akirudi, kabla sijapoteza tena ujasiri.

Sasa, Mjomba, kuna maneno yako. Jumapili ile ya mwisho ulidhani Bibi amelala, ukaaga. Hakuwa amelala. Kwetu picha yako ilikuwa imeganda jicho moja limefumba, naye akacheka, ila sauti yake haikukufikia: "Huyu tangu darasa la pili, ukimsemesha anasinzia." Kisha akaiambia picha yako, taratibu, "Usijilaumu kwa kutofika. Siku unasafiri, begi lako nililifunga mimi mwenyewe."

Akangoja umjibu.

Nilipaswa kukwambia siku ileile. Niliona haya, na sasa naona haya zaidi.

Msalimie sana mkaza mjomba, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu. Mungu awatunze, na wewe akupe usingizi.

Mpwa wako akupendaye na anayekuomba radhi,

Kimya