Nyumba Yetu ya Pedregal Imepata Mnunuzi

Jardines del Pedregal,
Jiji la Mexico,
14 Machi 2012

Kaka yangu mpendwa Leandro,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kivulini, joto la Monterrey limekuonea huruma na goti la wifi Nieves limeacha kumsumbua. Mimi sijambo. Kikohozi kimeniachia, na mijakaranda ya mtaani imechanua mapema mwaka huu.

Uliponiuliza habari za nyumba kwenye simu nilikujibu kwa mkato kwamba mambo yanaendelea. Leo nakueleza yote, na nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Bi Maricruz, dalali tuliyempata, ana ulimi wa kumuuzia samaki maji. Tangu siku ya kwanza aliniambia kwamba nyumba zenye bwawa na bustani ziko tele huku kwetu, ila iliyosanifiwa na marehemu baba, Anselmo Urrieta, juu ya miamba ya volkano ni hii tu. "Vyumba kila mtu anavyo, mama," akasema. "Sisi tunauza jina."

Wakaja watu wa kila namna. Mama mmoja aliuliza kama ule mwamba mweusi unaoingia sebuleni ungeweza kuondolewa, maana mbwa wake ni mwoga. Kampuni moja ya ujenzi ilitaka kiwanja tu, nyumba ivunjwe. Mwisho akaja Daktari Baltazar Iturbe, daktari wa macho kutoka Puebla, akavua kofia mlangoni kama anayeingia kanisani. Alisema amekuwa akisoma habari za baba tangu ujana wake. Bei hakuijadili hata kidogo. Tukapanga kutia saini kwa wakili siku ya Alhamisi.

Kilichobaki ni karatasi ya maelezo ya nyumba, ambayo Bi Maricruz aliniletea niidhinishe. Iliandikwa kwamba baba aliiona nyumba nzima akilini, akiwa amesimama peke yake juu ya miamba, mwaka 1957. Nilishika kalamu, mkono ukakataa. Jumapili yake nilikwenda mtaa wa Portales kumtafuta Amparo Quiroga.

Bila shaka unamkumbuka. Ndiye aliyekuwa mchoraji wa ramani ofisini kwa baba, tuliyemwita Bi Rula kwa jinsi alivyonyooka. Sasa ana miaka sabini na tisa, anaishi vyumba viwili juu ya duka la mikate. Alifungua mlango, akanitazama sana, akasema, "Umechukua paji la uso la baba yako. Pole." Nikamwambia nyumba inauzwa, nikamuuliza kama angependa kuiona kabla haijaondoka mikononi mwetu. Aliomba nafasi ya kubadilisha viatu tu.

Tulipofika tuliwakuta daktari na Bi Maricruz wakipima ukuta wa kuwekea vitabu vyake. Amparo aliwasalimu, akapapasa mawe ya ukumbini, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ngazi. Alisimama kidato cha tatu. "Hiki kimezidi vingine kwa kidole kimoja," akasema. "Nilikosea hesabu. Nimekiota miaka hamsini na mitano."

Wewe mwenyewe ulivunjika jino pale, kaka, na baba akakuchapa kwa kukimbia ovyo.

Daktari aliacha kupima, akauliza kwa upole iwaje mtu akosee hesabu ya ngazi katika nyumba ya msanifu mwingine. Bi Maricruz akacheka kwa nguvu, akasema bibi amechoka, apewe kahawa, huku akinifinya mkono. Amparo alinitazama mimi, wala si kwa kuniomba. Nilijua kwamba nikinyamaza naye atanyamaza, atakunywa kahawa na kurudi kwake.

"Daktari," nikasema, "nyumba hii aliichora yeye."

"Mama Eréndira!" Bi Maricruz akapiga kelele. "Si ungeshika ulimi mpaka Alhamisi tu!"

Daktari akauliza kama nina ushahidi. Nikapanda chumbani, nikarudi na bahasha.

Hapa, kaka, ndipo pagumu. Wiki tatu kabla ya kufa, baba aliniita, akaniambia niandike anachosema. Alisema nyumba ya Pedregal ni kazi ya Amparo Quiroga, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kwamba yeye alitia saini kwenye ramani kwa sababu miaka ile hakuna tajiri ambaye angejenga kwa mchoro wa msichana wa miaka ishirini na minne. Na kwamba sifa zilipokuja aliziona tamu, akashindwa kuzirudisha. Alitia saini, akaniagiza niipeleke barua hiyo kwenye chama cha wasanifu. Niliahidi. Tulipomzika niliifungia kabatini, ikakaa humo miaka kumi na mmoja. Nilijiambia ni kwa heshima yake, na kwa ajili ya mwanao mliyempa jina lake. Uongo. Nilipenda kuitwa binti Urrieta. Nikiingia mahali, watu walinipisha kiti.

Amparo aliisoma barua yote akiwa amesimama. Kisha akacheka. "Baba yako alichelewa miaka arobaini na minne, wewe kumi na mmoja," akasema. "Ukoo wenu unaanza kupata mwendo." Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana.

Daktari alizunguka naye nyumba nzima kwa saa mbili, akiuliza kila dirisha kwa nini liko pale lilipo. Kesho yake alipiga simu: atanunua, hataivunja, lakini kwa bei pungufu, kwani jina la Urrieta watu wanalijua na la Quiroga bado. Nilikubali, na pengo hilo litoke katika fungu langu, lako lisiguswe. Daktari hakunitukana, kaka, ila neno lile lilinichoma, maana ni sisi tuliofanya jina hilo lisijulikane. Nilipomweleza Amparo, alisema sasa angalau anajua kimya chake kilikuwa kinauzwa bei gani.

Barua ya baba niliipeleka kwa chama cha wasanifu leo asubuhi, kabla sijaanza kukuandikia. Sikukuuliza kwanza, kwa kuwa ungenisihi ningoje, nami kwa kungoja ni hodari. Kasirika, ni haki yako.

Nisalimie Nieves na watoto, na umwambie Anselmo mdogo kwamba jina lake ni la mtu aliyesema kweli, ijapokuwa alichelewa. Ukija mwezi wa tano nitakupeleka Portales. Amparo anasema ana habari nyingi za baba ambazo hatujawahi kuzisikia, na kwamba nyingine zitatuchekesha.

Dada yako akupendaye,

Eréndira